Barua ya wazi kwa kamati ya maktaba yetu: turudishieni ubao, fungueni kabati

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wote wa kamati ya usimamizi,
Maktaba yetu (jina nalihifadhi, mnajijua),
Mwanza.

YAH: KUFUNGIWA VITABU VYA HADITHI NA KUZUIWA KUJADILI TUNACHOSOMA

Waheshimiwa, shikamooni wale mnaostahili shikamoo, na wengine habari za kazi.

Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu. Naandika hapa hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Barua niliipeleka mwenyewe mapokezi ikagongwa muhuri, nikaambiwa mwenyekiti kasafiri, mwenyekiti akarudi nikaambiwa faili liko kwa katibu, katibu nae akaniambia kwa mdomo tu kwamba suala linafanyiwa kazi, na toka hapo hiyo kazi sijaiona. Simu zinapokelewa vizuri, salamu nzuri kabisa, nikianza tu kutaja ubao mtandao unakata. Basi nimeona bora tuongee watu wote wakisikia, bila matusi, maana nyie ni wazee wetu na wengine ni majirani zangu huku Kirumba tunakutana dukani kila siku.

Mimi ni fundi cherehani, elimu yangu form four. Sina mtihani wowote mbele yangu, sina mwalimu, sina cheti ninachokitafuta. Ninasoma kwa sababu napenda kusoma na kadi ya maktaba nailipia kama mtu mwingine yeyote. Nalisema hili mapema kwa sababu mtaona huko chini ndo shida yote ilipo, watu wa aina yangu kwenye utaratibu wenu mpya hatupo.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Ubao.

Kwa wasioujua, ulikuwa kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi ya kijani, kimepigiliwa ukutani kati ya mlango na dirisha la mapokezi, juu kabisa kuna maandishi makubwa ya maka peni NIMESOMA HIKI. Sheria yake ilikuwa nyepesi, ukimaliza kitabu unachana karatasi ya daftari, unaandika jina la kitabu na sababu ya mwenzako kukisoma au ya kutopoteza muda wake, unabandika, unaenda zako.

Sasa kuna mama mmoja anauza dagaa pale Mwaloni, huyu ndo aliyetuamsha wengi, akaandika kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kile kitabu cha mzee wetu Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Akasema wanaume wa siku hizi wakisome waone mwenzao alivyomfuata mke ukweni na akakubali kutozwa pombe ya ndizi ndo arudishiwe. Kesho yake chini ya karatasi ile pana mwandiko mwingine wa kiume kabisa: "Alimfuata kwa sababu nyumbani alikuwa hana wa kumpikia." Mama akajibu. Akajitokeza wa tatu akawaambia nyie wote hamjafika mbele, someni mpaka wanapoenda kwa mganga kutafuta mtoto ndo mje mbishane. Karatasi zikaanza kushuka ukutani mpaka zikakaribia sakafu, na kitabu chenyewe ambacho ni kirefu, kina majuzuu mawili, ambacho kilikuwa kinakaa pale kinakula vumbi, kikawekewa foleni kwenye daftari. Foleni jamani! Kitabu cha kurasa mia kadhaa, kinagombaniwa na wauza dagaa, waendesha bajaji na wanafunzi wa chuo.

Mkaung'oa ubao. Tulipouliza tukajibiwa kwamba ukuta unachafuka na kwamba maandishi yale hayakupitiwa na kamati. Hilo la uchafu nimelielewa, karatasi kweli zilikuwa zinadondoka. Ila hili la kupitiwa na kamati nimeshindwa kabisa. Mtu akitaka kumwambia jirani yake kitabu fulani kizuri mpaka kikao kikae?

2. Kabati.

Baada ya ubao vikafuata vitabu vyenyewe. Hadithi zote, riwaya, mashairi na tamthilia zikatolewa kwenye shelfu zikaingizwa kwenye kabati la vioo lenye kufuli, na ufunguo anao mjumbe mmoja ambaye anakuja akipata nafasi. Vinaonekana kupitia kioo, migongo yote ile, huwezi kugusa. Alafu likabandikwa tangazo kwamba vitabu vya hadithi vitaazimishwa kwa wanafunzi wenye barua ya mwalimu. Mimi barua nitaitoa wapi? Nimwombe mteja niliyemshonea suruali aniandikie? Yule mama wa dagaa nae aende shule gani? Dada wa mapokezi ukimuuliza anakuangalia kwa huruma tu, hana kosa lolote, naomba asije akasumbuliwa kwa ajili ya barua hii.

Shelfu zilizobaki wazi zimejaa vitabu vya kiada na maswali ya mitihani iliyopita. Sawa, watoto wasome wafaulu, nani anakataa. Lakini mtu mzima akiingia pale jioni baada ya kazi anakuta nini? Fizikia ya kidato cha pili.

3. Jumamosi.

Tulikuwa tunakaa nje chini ya mwembe, viti tunabeba wenyewe, tunabishana kuhusu vitabu kuanzia saa nne mpaka jua linapokuwa kali. Mkasema ni mkusanyiko usio na kibali. Hatukuwa na spika, hatukuwa na bendera, hatukuchangisha hela. Siongezi neno hapa, mnajua wenyewe.

4. Listi ya vitabu vyenye faida.

Hapa ndo penye mzizi wa mambo yote, naomba mnivumilie nitakuwa mrefu.

Mlitoa listi ya vitabu vinavyojenga na vile visivyojenga. Kwenye visivyojenga mkawaweka Elvis Musiba na Ben Mtobwa, na wale wote wa upelelezi, hata Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla na kiko chake, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale ilitoka 1960 na bado ukikifungua leo hukiweki chini. Sababu yenu ni kwamba ni vitabu vya kupoteza muda.

Tuanze na Musiba. Willy Gamba wake ni jasusi wa Kitanzania anayepambana na makaburu na vibaraka wao wakati ambao nchi za kusini mwa Afrika zilikuwa bado zinapigania uhuru. Vijana wetu wengi hawajui kwamba Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika makao yake yalikuwa Dar es Salaam toka 1963. Kuna kijana wa bajaji kwenye kikundi chetu hilo kalijulia kwenye Kufa na Kupona, akarudi anauliza maswali mpaka wazee wawili wakaanza kusimulia waliyoyaona enzi zile, Jumamosi nzima ikaishia hapo. Mnasema hicho kitabu hakijengi, sawa, mimi hiyo Jumamosi nilikuwepo.

Na sio kwamba tunamsifia tu. Mimi binafsi Musiba ananichosha kwenye jambo moja, wanawake wake karibu wote ni warembo kupita kiasi na karibu wote wanamtaka Willy, niliandika hivyo kwenye ubao na nikashambuliwa vibaya sana, eti nina wivu na mtu wa kwenye kitabu. Sasa hayo ndo majadiliano ya kitabu, mtu anapenda, mwingine hapendi, kila mmoja anaenda kufungua ukurasa atafute ushahidi. Nyie mmeyamaliza kwa listi.

Kwenye vinavyojenga mmemweka Shaaban Robert, na hapo nawapongeza kwa moyo wote. Ila najiuliza kama Kusadikika mmekisoma siku za karibuni au mnakumbuka cha shuleni. Kile kitabu, cha mwaka 1951, kinahusu nchi ya angani ambayo wajumbe wanatumwa pande zote kutafuta maarifa, wakirudi nayo wanafungwa gerezani. Karama anashitakiwa kwa kutaka kufundisha sheria na anajitetea kwa kuwasimulia wakubwa habari za wajumbe hao mmoja mmoja. Mmekiweka namba moja kwenye listi yenu, alafu mkakifungia kwenye kabati. Mzee mmoja wa Jumamosi alicheka mpaka akakohoa.

Na hii tabia ya kuamulia watu sio ngeni, kwenye Kiswahili tumeshaiona. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 na mashairi yake yasiyofuata vina na mizani, wanajadi walimjia juu kwamba yale sio mashairi. Watu wakabishana miaka na miaka, wakaandika vitabu kwa vitabu kutetea upande wao. Mpaka leo kuna mzee kwenye kikundi chetu ukimsomea shairi lisilo na vina anaziba masikio, nasema kweli anaziba kwa vidole viwili, na tunampenda hivyo hivyo. Lakini hata yeye hajawahi kusema kitabu kifungiwe.

5. Watu wa ziwa letu wenyewe.

Hili linaniuma kuliko yote. Pandeni meli hapo bandarini muende Nansio, mnafika siku hiyo hiyo, Ukerewe iko hapo tu. Kisiwa hicho kimetoa Kitereza, kimetoa Euphrase Kezilahabi wa Namagondo, kimetoa Gabriel Ruhumbika. Sijui ni wilaya ngapi za nchi hii zinaweza kujivuna hivyo. Na kwenye listi yenu hakuna hata mmoja wao.

Kitereza aliandika ile hadithi yake kwa Kikerewe akaimaliza 1945, hakupata wa kuichapa, ikabidi aiandike mwenyewe upya kwa Kiswahili, na ilitolewa na wachapishaji wa Dar es Salaam 1980. Yeye akafariki 1981. Piga hesabu mwenyewe, mtu amekaa na kazi yake miaka thelathini na mitano akisubiri isomwe, leo imefika Mwanza, mwendo wa meli kutoka kwao, mnaisubirisha tena nyuma ya kioo.

Ruhumbika ndo aliyekuja kukitafsiri hicho kitabu kwa Kiingereza kikatoka 2002, na yeye mwenyewe ana riwaya zake za Kiswahili, Miradi Bubu ya Wazalendo ni mojawapo. Niliiulizia pale mapokezi nikaulizwa kama ni kitabu cha ujasiriamali.

Kezilahabi najua mmemwacha kwa sababu ya Rosa Mistika, mjumbe mmoja alinitamkia kwamba kitabu kile kinaharibu mabinti. Mheshimiwa, mjadala huo ulishafanyika kabla hata mimi sijazaliwa. Kitabu kilitoka 1971, kikapigwa marufuku mashuleni, baadae kikaruhusiwa na kikaja kusomwa mashuleni hapa na Kenya. Na mkikisoma bila hasira mtaona kinamsema nani. Mzee Zakaria anamchunga Rosa kwa kipigo, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana, binti hajafundishwa chochote kuhusu dunia zaidi ya kuogopa, siku anatoka mikononi mwa baba hajui pa kushika. Mimi nina binti wa miaka kumi na sita, nimemwachia akisome na tukabishana nae jikoni wiki nzima. Yeye anamlaumu Rosa, mimi namlaumu Zakaria, mama yake anatulaumu sote kwa kuunguza maharage.

Januari 2020 Kezilahabi alipofariki tulisoma kurasa za riwaya yake Nagona kwa sauti pale chini ya mwembe. Nusu ya watu hawakuelewa kitu, mimi nikiwemo kwa kurasa kadhaa, na mmoja akasema wazi kwamba kitabu hiki ni cha maprofesa, kitupwe. Alijibiwa na binti wa chuo pale Nyegezi, akamfafanulia kwa utaratibu, jamaa hakukubali, akaondoka nacho kwenda kukisoma tena ili arudi kupinga vizuri. Sijawahi kuona mtu anaazima kitabu kwa hasira vile.

Najua mtajibu nini, kwa hiyo nijibu kabisa.

Mtasema vitabu vinaibiwa. Ni kweli vingine vimepotea, hata mimi najua Dunia Uwanja wa Fujo haipo toka zamani. Lakini daftari la kuazima lipo, namba za simu zipo, na mtu akichelewa sisi wa Jumamosi tulikuwa tunamfuata mpaka kwake, muulizeni yule fundi baiskeli wa Igogo. Kitabu kikifungiwa milele hakiibiwi, sawa, hata kanga ikikaa sandukuni haichuji, ila hakuna aliyeivaa.

Mtasema wafanyakazi Jumamosi hawapo. Hatuhitaji mfanyakazi, tunahitaji geti lifunguliwe na mlinzi ambaye yupo siku zote.

Mtasema maadili ya watoto. Wekeni shelfu ya watoto yenye Watoto wa Mama N'tilie na hadithi za sungura, mchague kwa makini mnavyotaka, tutawasaidia. Ila msitupime watu wazima wenye ndevu na wajukuu kwa kipimo cha darasa la nne.

Mtasema wasomaji wa siku hizi wote wako kwenye simu. Wapo kweli, na wanasoma pidiefu zilizopigwa picha vibaya, nusu ya ukurasa kidole cha mtu. Wanafanya hivyo kwa sababu kitabu chenyewe kiko kwenye kabati lenu.

Na mtasema bajeti. Kwenye hili nawaelewa, vitabu vipya ni ghali. Lakini hatujaomba mnunue, tumeomba mfungue vilivyopo. Na kama kuna hela kidogo ya kununua, mtuulize. Toka Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar apate Nobeli ya fasihi 2021 watu wanamuulizia kila wiki, na Paradise yake imeshatafsiriwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis inaitwa Peponi, nyie mwaka huu mmenunua tena vile vya jinsi ya kuwa tajiri. Tuliviona vikishushwa kwenye maboksi. Vimewekwa shelfu ya wazi vile, havikuhitaji barua ya mwalimu.

Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, mlitundika bango getini na mkatualika tuje kupiga makofi. Tulikuja. Mgeni akasifia lugha yetu kwa hotuba ndefu huku kabati liko nyuma yake na kufuli linaonekana kwenye picha zote mlizopiga. Kama hamniamini ziangalieni tena.

Kwa heshima tunaomba yafuatayo:

(a) Ubao urudi. Mkitaka usichafue ukuta tutautengenezea fremu kwa gharama zetu, fundi seremala tunae, na usiwe na mtu wa kupitisha maandishi. Matusi tutayatoa wenyewe.

(b) Kabati lifunguliwe saa zote maktaba inapokuwa wazi, ufunguo ukae mapokezi, na sharti la barua ya mwalimu lifutwe kwa mtu yeyote mwenye miaka kumi na nane na kadi hai.

(c) Jumamosi turuhusiwe kukaa chini ya mwembe. Kama kibali kinahitajika tuambieni ni cha ofisi gani tukakiombe, msituambie tu hakipo.

(d) Ile listi iondolewe, au kama lazima ibaki basi ibandikwe ubaoni na majina ya walioiandika, na chini yake tuandike kama tunavyoandika kwenye vitabu vingine. Mjumbe aliyesema Rosa Mistika kinaharibu nae tunamkaribisha Jumamosi, atapewa kiti na muda wa kutosha, hatutamzomea.

(e) Vitabu vya waandishi wa Ukerewe vipewe shelfu yao karibu na mlango. Juzuu ya pili ya Kitereza haionekani hata kwenye kabati, nimechungulia kila upande, tunaomba mtuambie iko wapi kwa sababu kuna watu wameachwa katikati ya hadithi.

(f) Majibu yawe ya maandishi, yabandikwe getini, kabla mwezi huu haujaisha. Kwa mdomo tumeshajibiwa vya kutosha.

Tusipojibiwa hatutavunja kitu wala kumtukana mtu. Tutahamisha ubao wetu, yaani tutatengeneza mwingine, tuutundike nje ya banda langu la kushonea na kila mwenye kitabu nyumbani akilete, na mambo yataendelea pale, ila itakuwa aibu kwa mji wenye maktaba watu wakaazimie riwaya kwa fundi cherehani.

Naomba kuwasilisha.

Msomaji wenu mwenye kadi hai,
Kirumba, Mwanza.

Nakala: Wasomaji wote wa Jumamosi, mama wa dagaa, Mwaloni, yule aliyemjibu kuhusu mapishi, jitokeze tu tukujue.